Daftari la Vidonge

Neno lilikuwa kizingitini.
Shahidi alilitamka wazi,
kwa sauti ya mtu aliyelirudia usiku kucha:
"Walimkuta kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje."
Nami, mkalimani wa miaka kumi na saba,
nikafungua kinywa,
na ng'ambo ya pili ya lugha nikakuta ukungu mtupu.
Hakimu akanitazama juu ya miwani.
Karani akaacha kuchapa.
Nikasema, mlangoni.
Mlangoni! Kana kwamba ni sawa.

Siku hiyohiyo, Glasgow, saa kumi kasorobo,
jua limekwisha funga duka,
nikaingia kwa Catriona, mfamasia wa mtaani kwetu Govanhill,
nikanunua mafuta ya samaki.
Yaleyale ambayo shangazi, Korogwe,
alinibana pua ili nimeze.
Sasa nayalipia.

Nikachora daftari safu nne:
tarehe, kidonge, kipimo, hali ya kichwa.

Siku ya tatu. Vidonge viwili vya samaki.
Nacheua kama paka wa sokoni. Kichwa kilekile.

Siku ya sita. Magnesiamu kabla ya kulala.
Nimelala kama gogo, nimeamka gogo.

Siku ya tisa. Unga wa uyoga, kijiko kimoja kwenye uji.
Mwanaheri ameonja,
ameuliza kama nimechota kwenye chungu cha maua.

Siku ya kumi na moja. Mzizi kutoka India.
Nimetulia mno. Basi limenipitiliza vituo vitatu
na sikujali.

Siku ya kumi na tatu. Dawa ya kumbukumbu:
sikumbuki kama nimeimeza.
Nimemeza tena.

Catriona, akipanga chupa, aliniuliza:
"Unalala saa ngapi, Bwana Shemdoe?
Mchana unakula na nani?"
Nikamjibu nimekuja kununua, si kuhojiwa;
mahojiano ni kazi yangu.
Akanihesabia chenji polepole, sarafu moja moja.

Siku ya kumi na tisa ukungu ukapasuka.
Sijui ni kidonge kipi, nilikuwa nameza sita.
Saa tisa ya usiku nikaketi kitandani,
kichwa cheupe kama sahani iliyooshwa,
na wakaja.
Wote.
Maana mkalimani hasemi "yeye anasema."
Kanuni ni kusema "mimi."
Mimi nilifungwa.
Mimi nilimwacha mtoto kwa jirani.
Mimi nilihesabu milango, kumi na minne, kisha taa ikazimwa.
Miaka kumi na saba ya akina mimi wasio mimi,
kila mmoja na tarehe yake, na rangi ya shati lake,
wamepanga foleni koridoni hadi kwenye ngazi za jengo,
na hakuna anayesukumana.

Na lile neno nalo likaja, la Kiingereza, jepesi,
kama ufunguo uliopekua nyumba nzima kuutafuta
kumbe umeufumbata.
Nikalitamka gizani.
Mwanaheri akageuka: "Unaongea na nani?"
"Na hakimu."
"Mwambie alale."

Niseme nini sasa? Kwamba ukungu ulikuwa shuka,
nami nikatoa pesa yangu ili nivuliwe?
Labda. Labda pia ni umri,
au ni Desemba.
Nimeiandikia mahakama barua: kosa la tafsiri, neno moja,
ukurasa wa nne, mstari wa kumi.
Nimeitia sahihi kwa jina langu, mimi mwenyewe.
Hawajajibu.

Uyoga umeishia kwenye chungu cha maua,
nayo maua, naapa, yananitazama kwa makini.
Vitamini D nimebaki nayo:
nchi hii hunidai kodi ya kila kitu,
nami naidai jua.

Daftari bado lina kurasa. Leo nimeandika:
Siku ya thelathini. Wali na maharage, mezani, na Mwanaheri.
Kipimo: sahani mbili.
Hali ya kichwa: mguu mmoja ndani.